Mkorosho wa Sixtus

Sixtus hakuwa mtu wa kukaa. Alizaliwa Ulanga, akaanza seminari akaiacha, akauza mikate Iringa, mwishowe akaangukia Dar es Salaam kwenye kiwanda cha umma, akawa mchora mabango. Hapo alidumu miaka tisa, na msidhani alipapenda. Ni mshahara tu uliomfunga miguu. Kiwanda kilipouzwa na watu kupunguzwa, akamfuata mkewe Marsela, nesi wa Kibiti. Huko akaandika majina ya maduka na gesti kwenye kuta za watu walioruhusiwa biashara juzijuzi na sasa wakataka dunia nzima ijue.

Hata chakula alikula amesimama, sahani mkononi, akizunguka uani kama anayetafuta kuku aliyepotea. Marsela alikwishachoka kumwambia akae.

Julai ya mwaka tisini na nne ukaja ujumbe kutoka Dar. Benedict, mwenzake wa zamani kiwandani, sasa aliuza picha kwenye hoteli za wageni na alihitaji mchoraji wa kudumu. Alitaka kwanza aone mkono wa Sixtus: picha ndogo ya rangi ya mafuta, mti wenye maua, iliyochorwa nje mbele ya mti wenyewe, kwa kuwa hoteli zilichoka na picha zilizonakiliwa kutoka kwenye kalenda. Mwisho Jumamosi.

Sixtus aliitaka kazi ile kuliko zote alizowahi kufanya. Marsela alikuwa anakunja sare zake alipopewa habari, na hakuinua uso.

"Nenda, sikuzuii," alisema. "Lakini mimi sihami tena."

Jumatano akapanda baiskeli mpaka Mahege, kwa Bi Mwanamina, mkulima wa Kimatumbi ambaye Sixtus aliwahi kumchorea namba za magunia. Mikorosho ilikuwa imechanua. Maua ya mkorosho ni madogo, meupe yenye wekundu kidogo, hayajionyeshi. Mtu huyanusa kabla hajayaona. Sixtus alichagua mti wa nyuma ya nyumba, akaegemeza kwenye jiwe kipande cha plaiwudi kisichozidi daftari, akachora. Aliinuka, akachuchumaa, akahama upande, akarudi. Ila mkono wenyewe ulitulia, jambo lililomshangaza. Jua lilipoanza kushuka, mti ulikuwa pale ubaoni, na yeye alijua bila kuambiwa na mtu kwamba ni mzuri.

Tabu ikawa kuusafirisha. Rangi ilikuwa mbichi na barabara ya Kibiti ilikuwa vumbi tupu. Ndani kwa Bi Mwanamina kulikuwa na moshi na kuku. Basi akaomba auache kwenye panda ya mti uleule, ukaukekauke mpaka kesho. Mama akakubali. Uani wanawake walikuwa wakichekecha unga wa njano, na Sixtus, mtu wa bara aliyekulia mahindi na maharage, aliusifia rangi yake akaondoka. Kuuliza ni wa nini hakuuliza.

Mahege nzima inajua ni wa nini. Mkorosho ukichanua hupuliziwa unga wa salfa usije ukaliwa na ugonjwa wa ubwiri unga, na hupuliziwa alfajiri, umande ungalipo, ili unga unate.

Alhamisi asubuhi alikuta shamba zima la njano. Fikirini, mkwe wa Bi Mwanamina, alikuwa anatua mashine mgongoni. Kwenye panda, picha ilikuwa imejaa salfa kila mahali, na rangi mbichi ilikuwa imeushika ule unga kuliko jani lolote.

"Tumekupulizia na huo wako, fundi," alisema Bi Mwanamina, uso mkavu kabisa. "Ulikuwa na maua, tungeuachaje?"

Sixtus alitamani kulia. Akatoa kitambaa chenye terafini ya kufutia rangi, lakini mama akamshika kiganja.

"Usifute. Ukifuta, maua yatapukutika."

Hakujua kama anataniwa. Siku nyingine ya kuchora upya hakuwa nayo, maana ukuta wa gesti moja Ikwiriri ulikuwa unamngoja, na malipo yake ndiyo nauli. Jumamosi akafika Dar na picha ilivyo. Benedict akaigeuza kwenye mwanga. Akasema mkono upo, ila picha ni chafu. Apanguse ile njano palepale mezani, ayarudie maua, na kazi ni yake.

Sixtus akakishika kitambaa. Akaona mikorosho ya Mahege ilivyosimama asubuhi ile, yote na njano yake, na wa kwake katikati yao. Ungepanguswa ungekuwa mti wa kalenda. Akakirudisha kitambaa mezani, akachukua picha yake, kazi akaiacha.

Njia nzima ya kurudi alijitukana. Agosti akafungasha begi mara mbili, akalifungua mara mbili. Picha aliitundika sebuleni, akapita mbele yake bila kuitazama. Marsela aliendelea kukunja sare zake, na hilo lilimkera kuliko ugomvi.

Novemba Bi Mwanamina akapiga hodi na beseni la korosho za kuchoma, vidole vyeusi kwa masizi. Sixtus akataka kujua anadaiwa nini.

"Hudaiwi," alisema mama, akiitazama picha ukutani. "Kwetu shamba laweza kuwa la mwingine, lakini mti ni wa aliyeupanda. Wako uliupanda kwa rangi, tukaupulizia na yetu, umezaa na yetu. Hizi zako."

Sixtus akacheka, kisha akaliinamia beseni. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na kitu kilichoota mahali. Uchungu ulimpanda, na furaha nayo, akashindwa kuzitenganisha.

Akavuta mkeka, akakaa, akaanza kumenya. Marsela akaja akaketi kando yake.