Jina la Mwisho Kabla ya Amina

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nilikuwa na miezi minne tu tangu niolewe. Nilitoka Mbulu, kule juu kwenye baridi, nikaja kuishi na mume wangu Bura na mama yake karibu na Ziwa Basotu. Wakati ule mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yametanda kote. Unatembea pembeni mwa shamba moja saa nzima na hujafika mwisho wake. Bura alikuwa dereva wa trekta huko.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kushukuru. Kabla ya kula alimshukuru Mungu kwa chakula, kwa mvua, kwa sisi watoto wake, kisha akamalizia, "Na kwa ajili ya Udameselgwa. Amina." Kila mlo ilikuwa hivyo. Nilifumba macho kama wenzangu, lakini masikio nilikuwa nimeyatega. Ni nani huyu? Jina lilikuwa la Kibarbaig, la wafugaji wa tambarare, na kanisani sikuwahi kulisikia. Nilimuuliza Bura, akacheka. "Muulize mama." Na mimi, bibi harusi mgeni, nikaona haya.

Asubuhi moja mama mkwe akafunga unga wa mahindi kwenye kitambaa. "Mpelekee Mama Udameselgwa. Boma lake liko ng'ambo ya shamba, penye migunga."

Ungedhani nilifurahi. Tatizo ni kwamba siku hiyohiyo Bura alikuwa anaendesha kombaini kwa mara ya kwanza, na mimi sikuwahi kuona mashine ikivuna. Nilikwenda nusu mbio. Nilikuta lango la miiba limerudishiwa, ng'ombe hawapo. Nikaita hodi mara moja. Ndani nikasikia mtu anakohoa. Nilisikia, mwanangu, sikufichi. Lakini nilikuwa nasikia pia kombaini ikinguruma upande wa pili. Nikatundika unga langoni, nikageuka.

Jioni mama mkwe akaniuliza, "Umemkuta?"

"Nimemkuta, mama. Anakusalimu."

"Na kifua chake?"

"Hajambo."

Siku ya tatu akapita mfugaji mmoja kuomba maji ya kunywa. Wakati anakunywa akasema ametoka kwa Mama Udameselgwa, amemkuta amelala na homa kali. Wanawe walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali kutafuta majani. "Anasema mtu alifika juzi. Yeye mgonjwa alimwita kwa sauti ndogo, lakini yule mtu akaacha unga, akaenda."

Nilikuwa nimesimama palepale na mtungi mkononi. Mama mkwe hakunifokea. Aliniangalia tu. "Nilikutuma kwa unga, Veronika, au nilikutuma kwa mtu?"

Tulikimbia mimi na yeye mpaka shambani, Bura akaomba ruhusa kwa msimamizi, na mgonjwa tukamchukua bomani kwake, tukamfikisha zahanati kwenye trela la trekta, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Tabibu alisema kifua kimejaa, angekaa siku nyingine mbili tusingemkuta.

Nilikaa kumuuguza wiki nzima. Alipoanza kunywa uji nikamwamkia, "Shikamoo, mama. Ni mimi niliyeacha unga langoni. Nilikusikia."

"Marahaba," akasema. "Wewe ni mke wa Bura? Siku hizi anakula vizuri?"

Nikashangaa. Nikamuuliza kwa nini anauliza hivyo, na ndipo akanisimulia. Bura alipozaliwa, mama yake aliugua, maziwa yakamkauka. Udameselgwa alikuwa akipita na ng'ombe wake kwenda ziwani, akasikia mtoto analia, akaingia kuuliza kuna nini. Yeye mwenyewe alikuwa ananyonyesha. Tangu siku hiyo aliingia kila asubuhi, akamnyonyesha Bura mpaka mama yake akapona.

"Lakini mlikuwa hamjuani," nikasema.

"Mtoto alikuwa na njaa," akajibu, akaomba uji zaidi.

Basi, mwanangu, nimeyasema haya kwa sababu nakuona unavyotumwa na unavyorudi. Ukitumwa kwa mtu, mwone huyo mtu. Ingia, msalimie, uliza amelalaje, usubiri jibu. Shukrani ya mdomoni ni njema, na Mungu huisikia, lakini mama mkwe wangu aliposhukuru alifunga pia unga wa kupeleka. Na ukisikia jina katika sala za wazazi wako, usione haya kama mimi. Waulize ni la nani. Huenda ni la mtu ambaye bila yeye usingezaliwa.

Mungu akupe miguu isiyochoka kuwafikia watu, na akupe watu watakaoingia ndani siku utakayoita kwa sauti ndogo.