Punje za Nyuso Mbili

Walimwita Mama Matone, wala si kwa ubaya. Kwa miaka kumi na moja kazi yake maabarani ilikuwa kutengeneza punje ndogo kama vumbi, upande mmoja nyeusi, wa pili nyeupe. Majimaji mawili, meusi na meupe, yalipita sambamba katika kijia chembamba kama unywele, ndani ya kibao cha kioo. Mafuta yakayakata kuwa matone, taa ikayagandisha kabla hayajachanganyika.

Asubuhi hiyo wageni walikuwa njiani, na neno lao ndilo lingeamua kama maabara itafungwa. Naye kwenye hadubini aliona kijivu kitupu.

"Bado?" Daktari, mkuu wake, alisimama mlangoni akitokwa jasho.

"Bado, Daktari. Zimechanganyika."

"Basi weka zile za mwezi uliopita. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mama, acha utakatifu! Tutakula huo ukweli?"

"Punje ndizo zenye nyuso mbili, Daktari. Mimi ninao mmoja, na unanitosha."

Daktari akasonya, akaenda kuwapokea wageni. Jambo dogo, atasema mtu. Uongo hauna udogo.

Kibao kilichobaki kilikuwa hicho kimoja. Kwa kukihofia, tangu alfajiri aliziendesha pampu taratibu. Polepole ndiyo mwendo, alijiambia. Ghafla akajishika kichwa. Mwendo gani! Upole huohuo ndio ulioyapa majimaji nafasi ya kuzoeana njiani. Dawa ilikuwa kasi. Lakini kibao kikipasuka, basi tena.

Viatu vilisikika koridoni. Akapiga moyo konde, akapandisha pampu zote tatu. Kioo kikalia, tik. Akafumba macho. Alipoyafumbua, hakukuwa na hata tone lililovuja.

Wageni walimkuta akihesabu punje kwenye hadubini.

"Nzima ngapi?" aliuliza mkubwa wao, mwanamke mwenye sauti kavu.

Daktari akawahi: "Zote, bila—"

"Katika mia, themanini na tatu," alisema Mama Matone. "Na za alfajiri ziliharibika zote. Kosa ni langu."

Daktari akatazama sakafu. Mgeni akavuta kiti.

"Hizo kumi na saba mbovu, naomba nizione."

Akazikagua moja moja.

"Mwezi ujao," alisema bila kuinua kichwa, "nataka nikute tisini."