Jina la Yuditi
Daktari yule kijana wa zahanati ya kijiji husugua viganja vipate joto kabla ya kushika tumbo la mjamzito. Kila akimkuta Loisi humwamkia, "Shikamoo, mama," naye Loisi hupita bila kuitikia, maana binti yake Yuditi, alipokwenda kujifungua, alivuja damu akafa kwenye geti la zahanati hiyo hiyo, manesi wa zamani wakimgombeza kwa kuja bila glavu za kuzalishiwa.

Wageni wa Ulaya walipokuja na kamera kumsifu daktari, Loisi alimpazia daktari sauti, "Waambie na Yuditi wangu alifia pale!"

"We mama, usituaibishe!" mwenyekiti wa kijiji akamkemea.

Daktari akawageukia wageni, akanyoosha mkono kuelekea getini, akawaeleza. Kizungu Loisi hakijui, lakini alisikia jina la Yuditi likitajwa, akaona kamera zikishushwa.

"Shikamoo, mama," daktari akasema alipompita.

Loisi akaitikia, "Marahaba."