Kwaya Iliyoketi

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikipanga viti kanisani kwetu, hapa Buruburu, akina mama wa kwaya wakifanya mazoezi. Katikati ya wimbo wa pili mama mmoja akaketi, akajipangusa uso.

"Dada, umechoka tena?" akauliza mwalimu wa kwaya.

"Ni hizi dawa za kutuliza akili, mwalimu. Zinanilegeza miguu. Nimeamua kuziacha, niweze kusimama kesho."

"Wee!" Jirani yake akamshika mkono. "Mwaka jana uliziacha, tukakutafuta siku tatu. Utazimeza, na utaimba umeketi."

"Kwaya husimama," mwalimu akasema.

Yule jirani akavuta kiti, akaketi. Mwingine naye akaketi, halafu safu nzima, wakitengeneza sketi zao za buluu bila haraka.

"Haya, mwalimu, tupe sauti."

Akawapa. Jumapili waliimba hivyo hivyo, na sauti ya yule mama ilisikika hadi barabarani. Marehemu mke wangu aliimba katika kwaya hiyo miaka mingi, miguu ikimuuma, asiseme neno. Nilimshukuru Mungu huku nikicheka, maana aliyebaki wima ni mwalimu peke yake, na ndiye aliyetokwa na jasho.