Vidonge vya Mama Zahabu

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka hata maharage ninayochambua yananishinda, mikono inasimama yenyewe. Ni siku niliyomnyamazia mama mkwe wangu, Mama Zahabu, Mungu amrehemu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara, maduka ya watu binafsi yanafunguka kila kona hapa Lushoto, ya dawa yakiwemo. Mama Zahabu alikuwa na kisukari. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini namba nazijua, kwa hiyo ndimi niliyeshika kopo la vidonge vyake, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Akaanza kupungua. Tumbo likaingia ndani, kanga ikamzunguka mara mbili, tukawa tunamtania, "Mama, unarudi usichana!"

Mume wangu Hatibu, mwanawe, yeye akaanza kuvimba tumbo, macho yakawa ya njano. Hospitali wakasema ana virusi vya homa ya ini vya siku nyingi, na sasa ini limeota saratani. Mimi nilishika jambo moja tu, tumbo. Nikawaza, dawa iliyomshusha mama tumbo itamshusha na mwanawe. Basi kidonge cha jioni cha mama nikawa namsagia Hatibu kwenye uji. Mama nikampa kidonge cheupe cha kichwa, nilichonunua dukani bila kuulizwa kitu.

Wiki haikuisha. Hatibu akatapika, akawa anahema kama aliyepanda mlima kutoka Mnazi kule bondeni na gunia kichwani. Kidonda cha zamani cha mguuni kwa mama nacho, kwa kukosa dawa, kikafumuka. Jirani yetu Shekiondo na wanawe wakambeba Hatibu kwa machela mpaka hospitali, mama akafuata akichechemea.

Daktari akaniuliza, "Amekunywa dawa gani nyingine?"

"Hakuna, daktari."

"Mama, nisipojua siwezi kumsaidia. Hakuna kabisa?"

Nikatazama sakafu. Nyuma yangu Mama Zahabu akasema, "Amekunywa dawa yangu ya sukari. Nilimpa mimi."

Daktari akamgeukia mbele ya wodi nzima. "Bibi! Dawa hiyo kwa ini lililoharibika? Unataka kumuua mwanao?"

"Nisamehe, baba," akasema. Mtu wa kumzaa yule daktari! Nami kimya.

Nje nikamuuliza alijuaje.

"Kile cha jioni kilikuwa kichungu. Nilidhani dukani wamebadilisha, mpaka ulipoulizwa ukainamisha kichwa." Akaukanda mguu wake. "Mkaza mwana, ungeniambia. Tungekwenda kumuuliza daktari wote wawili."

Hatibu alipona siku ile. Saratani ilimchukua miezi baadaye. Mama walimkata vidole viwili vya mguu, na mpaka anakufa, ndugu zake wa Bungu walisema alimlisha mwanawe sumu. Walilisema hata msibani kwake, mimi nimekaa nao mkeka mmoja.

Juzi mjukuu wangu Rehema, nesi, kaja na habari kwamba wataalamu wanaijaribu dawa ya kisukari kwa saratani ya ini, ile inayotokana na homa ya ini. Salimu, kijana wangu wa kumzaa, akacheka, "Kumbe bibi Zahabu aliwatangulia!"

Nikaweka kikombe chini. "Hakuwa yeye. Nilikuwa mimi."

Rehema akanishika mkono, nikautoa, maana sikustahili. Wale wataalamu wanapima damu, wanauliza, wanaandika, na bado hawajasema wamepata. Mimi nilisaga gizani nikamwibia mgonjwa mmoja kumpa mwingine.

Kwa hiyo, mwanangu, dawa ya mtu ni ya mtu huyo. Daktari akikuuliza, mwambie yote, hata la aibu, hata la dawa za mizizi. Nyumba ikiwa na homa ya ini, nendeni wote mkapime damu, na watoto wapate chanjo. Na mtu akibeba kosa lako, litoe mgongoni kwake angali hai. Mimi nilichelewa.

Mungu akupe ulimi usioogopa, akulindie ini na watu wako. Na ukipita Bungu, waambie ndugu zake Mama Zahabu nilichokwambia. Sema nimekutuma mimi.