Machela Isiyogusa Ardhi

Mimi ni bawabu. Nimesimama kwenye geti la jumba moja la ofisi hapa Doha kwa miaka minne, na watu walionitazama usoni muda wote huo ni wachache mno. Sisemi hivi ili nijitetee. Naeleza tu kwa nini Ijumaa zilinipanda kichwani.

Chumbani kwetu, kule Industrial Area, tulikuwa sita: Wakenya wanne na Waganda wawili. Ijumaa ilikuwa siku yetu ya mapumziko. Asubuhi, kabla ya wengine kwenda msikitini na wengine kanisani, maana huko hata ibada za kanisa huwa Ijumaa, nilikuwa nawasimulia manga, zile katuni za Kijapani. Kulikuwa na moja iliyotoka kila wiki, nami niliisoma kwa Kiingereza kwenye simu. Ilihusu Japani ya kale, enzi za panga na mabwana wakubwa. Wachukuzi wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, walimbeba bwana mmoja mnene ndani ya machela, na sheria ilisema machela ile ikigusa ardhi watakatwa vichwa. Kwa hiyo kila walipovamiwa walipigana kwa mateke, machela ikiwa mabegani, huku wakigombana wao kwa wao, na bwana akiteleza kila mara kuelekea upande wa yule mfupi.

Aliyeipenda kuliko wote alikuwa dereva wa basi la kampuni, mtu wa Kwale aliyekaribia miaka hamsini. Tulimwita mzee. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema hiyo ndiyo kazi yake hasa, kubeba watu ambao hawaulizi kama umekula. Kila Ijumaa, baada ya swala, alimpigia simu binti yake na kumsimulia upya. Binti alikuwa kidato cha pili. Mzee aliniambia kwamba aliondoka nyumbani mtoto akiwa mdogo sana, na kwa miaka mingi mazungumzo yao yalikuwa salamu na karo tu. Sasa binti ndiye aliyengoja simu.

Toleo la kumi na tisa likawa la mwisho. Wachukuzi walikuwa katikati ya daraja, maadui pande zote mbili. Ukifungua ukurasa unaofuata, miaka kumi imepita, wamezeeka, wanakunywa chai. Chini yake mchoraji alikuwa ameandika mistari mitatu ya kuwashukuru wasomaji. Nadhani hawakuwa wengi, ndiyo maana ikakatwa.

Ilinipasa niwaambie. Lakini Ijumaa ile nilipokaa kitandani nikawaona wameshanigeukia wote, mmoja ameshika kikombe bila kunywa, nilishindwa. Niliwatoa wale wachukuzi darajani kwa akili yangu. Nikamtunga mwanamke mfua nguo aliyewatandika maadui kwa kanzu mbichi. Walicheka kuliko siku zote, na kicheko kile nilijua ni changu. Ijumaa iliyofuata nikatunga tena. Zamani niliizungusha simu ili waone picha. Sasa nikadai bando langu ni dogo, picha hazifunguki. Niliendelea hivyo karibu miezi mitatu, nikiwa nimekodolea macho kioo ambacho hakikuwa na kitu.

Kisha Ijumaa moja mzee alirudi kutoka kuzungumza na binti yake, akaketi bila kuvua viatu. Binti alikuwa amemsifu mfua nguo yule kwa wenzake shuleni. Mmoja wao akaitafuta ile manga, akakuta matoleo kumi na tisa, na ndani hakuna mfua nguo. Darasa zima lilimcheka. Mzee alipompigia, binti alimuuliza kwa nini anamdanganya kama mtoto mdogo, akasema asimsimulie tena.

Mzee aliniuliza mbele ya wote, kwa upole, yule mwanamke alikuwa katika toleo la ngapi.

Wenzangu walikuwa wananitazama. Nikasema, "Labda umechanganya, mzee. Mimi huwa nasimulia hadithi nyingi."

Alikubali. Alisema huenda ni kweli, siku hizi anasahau vitu. Wale wengine walikumbuka vizuri nani aliyemleta yule mfua nguo, lakini hakuna aliyetaka kuanzisha ugomvi siku ya mapumziko. Mmoja wa Waganda alinitazama tu, kisha akageukia ukutani.

Wiki ile mzee alianza kuandika njia zake kwenye karatasi na kuibandika kando ya usukani, njia alizozipita kwa miaka. Aliwauliza abiria mara mbili kama wametimia. Alinieleza kwamba babake mzazi aliishia kutowatambua wanawe, na kwamba kampuni ikijua dereva wao anasahau, watamkatia tiketi ya kurudi. Aliniomba nimsindikize kliniki huko Al Mansoura, kwa sababu Kiingereza changu ni kizuri.

Nilikubali. Siku ya kwenda tulikuwa tumeshaketi kwenye kibanda cha karak, ile chai nzito ya maziwa, mtaa mmoja kabla ya kliniki, naye alikuwa amevaa shati lake la Idi. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia manga ilikufa zamani, mfua nguo nilimtunga, na siku ile aliponiuliza nilijua kabisa kwamba hakuchanganya chochote.

Hakupandisha sauti. Alikizungusha kikombe chake mezani muda mrefu, akasema, "Mimi nilikuwa nimeanza kujiaga."

Kisha akapiga simu nyumbani, akamwambia binti yake kuna mtu ana neno, akanipa. Nilimweleza yule mtoto yote, pale pale, wenye meza za jirani wakisikia. Nilipomaliza akasema, "Nilimwita babangu mwongo. Na hakuwahi kunidanganya." Nilirudisha simu, nikasogea kando, nikasimama kwenye jua la saa saba nikijifanya natazama magari.

Kliniki hatukwenda. Njiani kurudi alinipa mkono, akasema amenisamehe, ila nisimsimulie kitu tena. Chumbani niliwaambia wenzangu ukweli siku hiyo hiyo, walikuwa wameshaujua. Ijumaa zilizofuata mzee alikwenda mji wa jirani, Al Wakrah, kwa watu wa kwao, na jioni nilimsikia akizungumza na binti yake nje ya mlango, mazungumzo marefu, wakicheka. Sikujua wanacheka nini, wala haikunihusu.

Mwaka huu alihamishiwa kambi nyingine. Kutunga kwenyewe hakunisumbui sana. Hata mchoraji angenielewa, nadhani. Kinachonichoma ni lile neno "umechanganya". Lilinitoka upesi mno, bila kutafutwa, kana kwamba nilikuwa nimelitayarisha.