Dungu la Kwenye Boksi

Watu wa Kibiti walizoea kumpelekea Fundi Muhidini vitu vilivyovunjika, na kabla hajavigusa ilibidi kwanza wamsikilize. Alikuwa akikiinua kiti kwa vidole viwili, kama anayemtoa panya mfu ndani ya mtungi, kisha anauliza: "Nani kafanya uchafu huu?" Ukimtaja fundi, anacheka. Usipomtaja, anamtaja yeye mwenyewe, maana kazi za mafundi wote mpaka Ikwiriri alizijua, na hakuna hata moja iliyompendeza. Huyu anashindilia misumari kwa sababu kutoboa tundu hajui. Yule anapaka vanishi ili kufichia. Wa tatu alifaa auze maandazi, ingawa nayo yangetoka yamepinda.

"Nyani haoni kundule, kaka," dada yake Ashura humwambia.

"Nyani hajatengeneza mlango hata mmoja," humjibu.

Na kweli, milango yake ilifunga. Hilo hata wabaya wake walilikubali, na ndilo lililowaudhi. Ujana wake aliumalizia bondeni, akiwajengea watu madungu, zile nyumba za juu ya nguzo ambamo wakulima wa Rufiji huhamia msimu wa mpunga, ili wawe karibu na ndege wa kufukuza na mbali na maji na nguruwe. La kwake alilijenga mashambani huko Chumbi, akamweka mkewe Mwanamina humo misimu kumi na mmoja. Mwanamina alifariki mwaka juzi. Mafuriko yaliyofuata yakalizoa dungu lote, isibaki hata nguzo.

Sasa magoti yamemgomea, anashinda barazani akiwadharau wapita njia. Ndipo binti yake Muzdalifa, aliyeolewa Dar es Salaam, alipompelekea boksi kwa basi.

Ndani yake mlikuwa na vipande vidogo vya mbao vipatavyo mia mbili, vimekatwa kwa mashine, kila kimoja kimeandikwa namba, pamoja na karatasi za maelekezo. Ukiviunga vyote kwa gundi, unapata dungu la urefu wa mkono mmoja. Muzdalifa alikuwa amewapelekea vijana fulani wa karakana picha ya dungu lao la zamani, wakalipima kwenye kompyuta, wakalikata.

"Uniungie, Baba," alisema kwenye simu. "Nakuja Jumamosi kwenye hitima ya Mama, nataka niondoke nalo. Sina kingine cha kuwaonyesha wanangu bibi yao alikaa wapi."

Muhidini alikata simu, akachukua kipande kimoja kwa vidole vile viwili.

"Mti una namba? Anayetiwa namba ni ng'ombe wa mnadani." Karatasi hakuzifungua. Mtu aliyejenga dungu lenyewe asomeshwe kulijenga na watoto wasioweza kutofautisha mninga na muhogo? Akamrushia Ashura, na kwa kuwa mkaa wa siku hiyo ulikuwa na unyevu, Ashura akawashia jiko.

Kisha Muhidini akavimwaga vipande vyote kwenye beseni la maji. Yeye alifundishwa hivyo bondeni: mti hauingii kwenye dungu kabla haujalala majini, la sivyo wadudu watautafuna ukiwa umeshaukalia.

"Kaka, hivyo si miti," alisema Ashura.

"Wewe pika."

Asubuhi yake, theluthi ya vipande ilikuwa imeachana tabaka tabaka kama chapati, na namba zimefutika zote. Mtu mwingine angesema nimekosea. Muhidini aliinua kimoja, kinachuruzika maji, akasema, "Unaona? Mbao za kubandika! Nani kafanya uchafu huu?"

Vilivyopona alivianika. Vilivyoharibika alivichonga upya kwa vipande vya mninga alivyokuwa amevificha chini ya kitanda, kimoja kimoja, miwani ikimteleza puani. Siku nne hakutoka barazani, wala hakumtukana mpita njia yeyote, jambo lililowafanya majirani waulizie afya yake. Alikuwa na furaha, lakini kusema asingesema. Badala yake, kadiri dungu lilivyosimama ndivyo alivyozidi kuwadharau vijana wa karakana. Na alipofika kwenye ngazi, wakampa sababu. Ilikuwa na matundu ya vidato sita tu vya kukanyagia, na baada ya kidato cha pili paliachwa pengo la kupita mbuzi.

"Wana kompyuta, na kuhesabu mpaka saba hawajui!"

Akachonga kidato cha saba kwa mpingo, unene wa njiti ya kiberiti. Akatoboa matundu kwa sindano ya moto, akakipachika, akakitia gundi. Katika dungu zima hapakuwa na kazi safi kuliko ile, na kila aliyepita alionyeshwa, atake asitake.

Jumamosi, baada ya hitima, watu walipokwisha kula pilau na kuondoka, Muzdalifa aliletewa dungu lake. Alilipapasa paa, akazipapasa nguzo, machozi yakimtoka huku anacheka. Kidole kikafika kwenye ngazi, kikasimama.

"Baba, hiki cha tatu kimetoka wapi?"

"Nimekitia mimi. Wale wapumbavu wako walikisahau."

"Hawakusahau. Niliwakataza. Nimekuandikia kwa kalamu, karatasi ya mwisho."

Ashura akatazama jiko.

Muzdalifa akaitoa ile picha mkobani. Mwanamina yuko ngazini, mtoto mgongoni, kanga kaikusanya kwa mkono mmoja, mguu kaunyanyua juu sana kuvuka mahali pasipo na kidato.

"Uliondoka kwenda kumalizia kitanda cha mwenyekiti," alisema Muzdalifa. "Ukamwambia ukirudi utakitia. Mimba yangu yote, Mama alipanda pale kwa magoti. Alikuwa akitusimulia huku anacheka."

Muhidini alikumbuka. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Yeye miguu yake ilikuwa mirefu, alipapita kila siku asipaone. Aliishika picha kwa vidole viwili, na kwa mazoea tu mdomo ukaanza, "Nani kafanya..." Akamrudishia binti yake ile picha.

"Kitoe, Baba," alisema Muzdalifa taratibu. "Nataka lile la Mama, kama lilivyokuwa."

Muhidini akatwaa patasi ndogo, akasukuma. Akajaribu upande wa pili. Akamwomba Ashura kisu. Kidato hakikutikisika. Alikuwa amekitia vizuri mno.